Neno Nililomsomea Baba

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Mazizi ya Farasi.
Jumatano, tarehe 12.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini sasa unapanda ngazi bila kumtukana aliyezijenga. Huku sote wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo tu, usiwe na wasiwasi.

Shangazi, barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nakuandikia kwa sababu mbele ya watu ulimi wangu unakuwa mzito, unanijua.

Unamkumbuka Bibi Harusi, yule farasi mweupe anayetunzwa na Baba? Mwezi uliopita alianza kususa nafaka, kusaga meno, na kutaka kung'ata kila alipofungwa mkanda wa tandiko. Daktari wa mifugo akampitishia puani mpira mrefu wenye kamera. Nilikuwepo. Tumbo lake lilikuwa na vidonda vyekundu, kama magoti ya mtoto aliyeanguka kwenye changarawe.

Daktari aliacha maagizo kwa Kiingereza. Baba akanipa karatasi mbele ya wenzake wote.

"Haya Profesa, tusomee."

Masikio yakaniwaka moto. Nikasoma kwa Kiswahili, mbiombio ili yaishe: dawa kila asubuhi, na apunguziwe chakula.

Karatasi ilisema nafaka. Kichwani mwangu chakula ni kile cha kwenye ndoo. Nyasi ni nyasi tu. Baba alisikia chakula, akapunguza vyote, na nyasi ndizo alizozipunguza zaidi. Habari za nyasi zilikuwa upande wa pili. Sikuigeuza karatasi.

Niliigeuza Jumapili. Kumbe tumbo la farasi linatoa asidi muda wote, ale asile. Akitafuna nyasi, mate yake yanaipoza. Asipotafuna, asidi inalila tumbo lenyewe. Ndiyo maana nyasi kavu zilitakiwa ziwe mbele yake saa zote.

Sasa mbavu zake unazihesabu ukiwa mlangoni. Mwenye farasi anasema Baba ni mvivu. Daktari anarudi Ijumaa, na kamera ikikuta vidonda vimezidi, Baba atafute kazi kwingine. Baba anawaambia wenzake hana hofu, anafuata maagizo, Profesa wake kayasoma mwenyewe.

Tangu Jumatatu nikitoka shule nambebea Bibi Harusi nyasi kwa siri. Baba akiziona anazitoa. Jana alinikuta nazo mkononi. Hakufoka.

"Huruma yako itamuua huyu, mwanangu."

Nikafungua mdomo, nikamwomba radhi kwa kosa silo.

Situlii, Shangazi. Nafungua daftari, nafunga. Naenda hadi mlango wa zizi, narudi. Na tumbo langu nalo linawaka, sijui nicheke au nilie.

Nisalimie Bibi, na binamu zangu wote, hasa Kibonge. Mwambie deni la ule mchezo wa karata sijalisahau. Mungu akupe afya na goti lisilolalamika.

Barua zetu anazipeleka posta Baba. Yuko nje anawanywesha farasi maji, akimaliza ataipitia. Bahasha sijaibandika, na juu yake nimeandika: Baba, isome wewe kwanza, na ugeuze kila karatasi. Ikikufikia imebandikwa, ujue ni kwa mkono wake, na Bibi Harusi anatafuna.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kuliko anavyoweza kusema,

Profesa wa upande mmoja