Shaba Alipokataa Kukanyaga Kijani

Jumamosi. Mawingu mazito juu ya ghuba, na ziwa lina rangi ya bati.

Utii ni kitendo cha kiumbe mwenye uwezo wa kukataa, anapochagua kutekeleza matakwa ya mwingine. Kila neno limo humo kwa sababu. Pasipo uwezo wa kukataa hakuna utii: jiwe linaloporomoka mlimani halimtii mtu, na gari linalofuata usukani linafanya kazi tu. Pasipo matakwa ya mwingine hakuna utii pia, kwa kuwa anayekwenda anakotaka mwenyewe anajiridhisha. Nimewafundisha wanachuo hapa Mwanza mantiki na maadili kwa miaka mingi, na fasili hii nimeitumia mara nyingi bila kuona ufa wowote ndani yake.

Leo farasi ameitia ufa.

Klabu yetu ya kupanda farasi ni ndogo. Ina mabanda machache, uwanja wa mchanga uliozungushiwa miti, na njia nyembamba inayoteremka kati ya mawe makubwa hadi ufukweni, upande wa kusini mwa mji kama unaelekea Usagara. Nilijiunga baada ya masika, nikiwa nimeshavuka hamsini. Nilipewa farasi jike anayeitwa Shaba kwa sababu ya rangi yake. Siku ya kwanza niliweka kiganja begani pake, akageuza kichwa akanitazama kwa jicho moja. Ndani ya jicho lile niliona mlima, mawingu na mtu mdogo mwenye kofia ngumu. Ilinichukua muda kutambua kwamba mtu yule ni mimi.

Nakiri kwamba mshangao ule haujapungua hata kidogo.

Nilidhani nawajua wanyama wakubwa. Nimezaliwa Magu, katika nyumba ya wafugaji, na nilichunga kabla sijajua kusoma. Ujuzi huo ndio ulioniponza. Ng'ombe huswagwa kutoka nyuma. Unakuwa na fimbo na mluzi, macho yako yako kwao. Wao wanatazama majani, wewe unawatazama wao. Sisi wanafunzi tuliotoka katika familia za wafugaji tunakuja na mazoea hayo hadi juu ya tandiko. Tunapiga mluzi, tunasukuma kwa visigino, na tunakodolea macho shingo ya mnyama kana kwamba anaweza kutoroka tukiwa tumemkalia.

Kocha wetu, Rehema, ni binti wa umri wa wanafunzi wangu. Huniambia "Shikamoo, Mwalimu," husubiri marahaba yake, kisha huniamrisha asubuhi nzima bila huruma.

"Mama, unachunga tena," husema. "Inua macho. Yeye anakuuliza mnakwenda wapi, na wewe unamtazama masikio."

Namwelewa kikamilifu. Kuelewa hakujanisaidia. Mara nyingi uwanjani Shaba amesimama chini yangu kama nguzo ya nyumba, huku wenzangu wakinizunguka. Juma lililopita kocha alisema bila kuficha: Jumamosi hii nitaongoza msafara wa kwenda ufukweni, bila kamba ya kuongozea. Shaba akikataa kunibeba hadi huko, atapewa mpandaji anayemsikia, nami nitarudi uwanjani, kwenye kamba, juu ya farasi mzee anayepandwa na watoto.

Juma zima nimefundisha huku nusu ya akili yangu ikiwa bandani. Nilijiambia kwamba kinachonisumbua ni fahari, maana sijazoea kukataliwa. Darasani nikisema kaeni, watu hukaa. Nilipochunguza zaidi niliona kwamba fahari ilikuwa sehemu ndogo tu. Ninampenda mnyama yule, na sikutaka kumwona akitoka langoni na mtu mwingine mgongoni.

Asubuhi hii tulikuwa watatu. Mimi mbele. Nyuma yangu Kaka Pravin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye familia yake imefanya biashara Mwanza tangu enzi za babu yake. Nyuma kabisa, kocha.

"Mwalimu, umeshamwandalia Shaba mada ya leo?" aliuliza Pravin tulipokuwa tukikaza mikanda ya matandiko.

"Usiniharibie, Kaka Pravin."

"Mimi nitakaa nyuma kimya. Akigoma, napiga picha."

Niliinua macho nikayaelekeza ziwani. Shaba akatembea.

Sijui namna ya kuandika jambo hili kwa usahihi unaostahili. Nilitazama mahali, na mnyama mwenye uzito unaozidi wangu mara nyingi akaanza kwenda mahali pale. Mabega yake yalipanda na kushuka chini ya magoti yangu, pumzi yake ikitoka nzito na yenye kipimo. Mbali juu ya maji wadudu wa ziwani walikuwa wamepaa kwa nguzo nyeusi, kama moshi wa vijiji visivyokuwepo. Tulipita langoni, tukapita mawe ya mwanzo. Nilianza kuamini.

Njia inapokaribia maji hupita kwenye ukanda mfupi wa majani mabichi, na baada ya hapo ni mchanga. Shaba alifika ukingoni mwa majani yale akasimama.

Nilimwomba kwa miguu, kwa upole. Hakusogea. Nilimwomba tena. Macho yangu yalishuka yenyewe hadi masikioni mwake, yaliyokuwa yameelekezwa mbele. Kisha nikajisikia nikipiga mluzi, ule ule wa Magu, na nikaona aibu kuusikia. Aliinua kwato moja, akaishikilia hewani juu ya kijani, akairudisha alipoitoa.

"Kashaanza," alisema Pravin.

"Mwombe tena, mama," alisema kocha kutoka nyuma. "Taratibu."

Niliomba tena, na safari hii visigino vyangu havikuwa na upole. Hakuruka wala hakurusha mateke. Alikataa kwa kusimama, kwa uzito wake wote, na kupitia tandiko nilihisi anatetemeka.

Nilijua nimempoteza.

Mikono yangu ikachoka kudai. Nililegeza hatamu zikalala shingoni pake. Wakati huo boti ilikuwa imepita mbali, na wimbi lake likafika ufukweni. Majani yaliyokuwa mbele yetu yakainuka yote kwa pamoja, taratibu, kisha yakashuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

Nchi kavu haipumui.

Kocha alishuka, akachomoa mti mrefu kwenye ua wa shamba lililo kando ya njia, akauchomeka kwenye kijani. Ukaingia. Akausukuma ukaendelea kuingia mpaka mkono wake ukagusa majani, na hakuwa amepata chini. Alipouchomoa, tundu jeusi la maji lilibaki kwa kitambo kidogo, kisha magugu maji yakasogea yakaliziba kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

"Juzi tumepita hapa hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Palikuwa pakavu."

Upepo wa siku hizi mbili ulikuwa umepiga ukingo hadi ukameguka, kisha ukasukuma magugu yakajaza pengo. Kwa macho ya binadamu palikuwa uwanja wa majani, tena mzuri.

Pravin alilitazama pengo lile, simu yake ikiwa bado mfukoni. "Mwalimu," alisema mwishowe, "hata picha nimesahau."

Upande wa kulia, kati ya mawe, kulikuwa na njia nyingine ya kufikia mchanga. Niliitazama. Kabla sijagusa hatamu Shaba alikuwa ameshageuka, na akatupeleka wote hadi ufukweni, akiweka kwato moja baada ya nyingine juu ya mwamba kwa uangalifu ambao sijawahi kuutia katika sentensi yoyote. Huko aliinamisha shingo akanywa ziwa. Nilikaa juu yake nikisikiliza maji yakipita kooni mwake, na sikuwa na hoja hata moja kichwani.

Tuliporudi nilimuuliza kocha hukumu yake. Alikuwa akilegeza mkanda wa tandiko na hakuinua kichwa.

"Nilisema akikukataa nampa mtu mwingine. Na amekukataa, nimeona."

"Ndiyo."

"Basi Jumamosi ijayo ni wako tena, mama. Tusiulizane sana."

Lakini mimi kazi yangu ni kuuliza. Sitaki kumpa farasi mawazo ambayo sina ushahidi nayo. Inawezekana alisikia maji chini ya majani, akaogopa kwa ajili ya miguu yake, basi. Hapo hakuna utii, wala hisani. Ila maelezo hayo yanaacha jambo moja nje. Nilimsukuma aelekee kwenye kitu alichokiogopa, na alikuwa na njia rahisi ya kujiokoa: kunitupa chini. Hakuitumia. Alizivumilia amri zangu zote, akasimama, akanibeba.

Nikisema aliasi, nina ushahidi, kwa kuwa alikataa nilichoamuru. Nikisema alitii, nina ushahidi pia, kwa kuwa nilichotaka ni kufika ufukweni, na alinifikisha. Fasili yangu inataja matakwa ya mwingine. Haisemi ni yapi, yale anayoyatamka au yale aliyo nayo moyoni, na haikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kutengana kwa upana wa ukanda mfupi wa majani.

Jumatatu nitasimama mbele ya darasa na kuisoma fasili hiyo kwa sauti. Najua watainakili bila swali. Mimi ndiye nitakayekuwa nalo: pale nilipolegeza hatamu, nikamwachia yeye aamue, ni nani kati yetu aliyekuwa anatii?