Kuku wa Mama Ndani ya Seva

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele, na za mama pia, anayepaza sauti kutoka chumbani niandike kwamba goti limepoa na kwamba wewe hujui kula kwa wakati. Sisi tu wazima. Natumaini kazi mpya imekukubali, na wakubwa zako wameshauzoea mdomo wako.

Ningekupigia simu, lakini haya nisingeweza kuyasema hadi mwisho.

Juzi asubuhi Mzee Fyuzi, fundi umeme wetu, alizima umeme wa hospitali nzima ili abadilishe swichi kuu iliyoanza kunuka moshi. Aliomba ruhusa, akapewa. Umeme uliporudi, kila kitu kiliwaka isipokuwa seva, ile kompyuta kuu ninayoitunza. Skrini nyeusi, maandishi meupe, ikisema inasubiri diski isiyoiona, kisha ikagoma kabisa. Mafaili ya wagonjwa wote yamo humo. Manesi wakaanza kuja mlangoni kwangu mmoja mmoja, halafu kwa makundi.

Mkuu wa hospitali alishuka mwenyewe. Alisema umeme umeunguza diski na aliyeuzima anajulikana, basi mzee akabidhi funguo zake kabla ofisi hazijafungwa. Mzee wa watu alijibu kwa upole kwamba alifuata utaratibu. Nani wa kumsikiliza? Akakaa kwenye benchi nje ya mlango wangu, sanduku la vifaa mapajani, akingoja.

Nikajifungia na ile mashine. Diski zilikuwa nzima, hata moja haikuungua. Tatizo lilikuwa majina. Unajua seva ikiwaka husoma faili dogo na kuziita diski moja moja kwa jina. Faili liliita majina ya zamani, na diski zilikwisha kupewa mengine. Mtu aliyabadilisha akalisahau faili, na kwa kuwa seva haikuwahi kuzimwa tangu hapo, hakuna aliyegundua. Nikaiamuru inionyeshe majina mapya.

Chongo. Mkorofi. Shangazi.

Nilicheka, kisha nikayasoma tena. Nani mwingine duniani anayewajua kuku wa mama, hadi yule aliyetembea kwa maringo kama shangazi yetu? Ni wewe, ulipokuwa ukijifunza kazi hapa chini yangu. Mzaha wako, bwana, hauna likizo.

Njia zilikuwa mbili. Ningeweza kurudisha majina ya zamani. Seva ingewaka, kuku wangetoweka, na hakuna ambaye angejua lolote. Au ningeliandika faili upya liwaite kuku, nao wabaki pale waonekane. Njia ya kwanza ingekulinda wewe, na barua ambayo mkuu alikuandikia ukapata hiyo kazi isingetiwa doa. Mzee Fyuzi angekwenda nyumbani bila kazi.

Sitakudanganya, niliichagua ya kwanza. Nilikuwa nimeshaandika mstari mzima, kidole kiko juu ya kitufe. Damu nzito kuliko maji, nikajiambia. Ndipo nikamsikia mzee kule nje akiwasihi manesi wasinigombeze, kwamba dada wa kompyuta anajitahidi. Nikaufuta ule mstari.

Seva iliwaka na kuku wote watatu. Nikamwita mkuu, nikamwonyesha, nikamwambia hayo ni majina ya kuku wa nyumbani kwetu, na aliyeyaweka ni ndugu yangu. Nimekutaja, mdogo wangu. Kwa mdomo wangu mwenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini sikujua haki yaweza kuuma hivi.

Mzee amerudishiwa funguo, ingawa hakuna aliyemwomba radhi. Mkuu alitaka kuwapigia wakubwa zako palepale. Nilimsihi angoje umpigie wewe kwanza, akakubali kwa shingo upande. Mama hajui. Nimelia sana, na ningerudishwa pale leo ningefanya vilevile.

Nikasirikie ukitaka. Ila kabla hujampigia mkuu, mpigie Mzee Fyuzi. Namba yake unayo, maana ndiye aliyekuwa akikungoja jioni mtembee pamoja hadi kituoni. Bado hajaambiwa ni nani. Jana aliniuliza unaendeleaje huko kazini, nikamjibu hujambo.

Mama anakusalimu tena, na tena. Nami ni yuleyule,

Dada yako