Bei ya deki mpya imetoka

Shoga, uko wapi? Nimejifungia stoo ya duka.

Bei ya zile deki mpya za diski, zile za picha ang'avu, imetangazwa leo. Ni mara tatu ya deki za kawaida. MARA TATU!

Na mimi ndiye niliyemwambia baba mkwe zitakuwa nafuu. Unamjua, miaka thelathini aliendesha mashine ya sinema, na sasa macho yanafifia. Kwa maneno yangu akauza deki yake ya zamani, akauza na baiskeli.

Basi kaja leo, kavaa koti, kashika bahasha. Akamwambia bosi mbele ya wateja, "Nimekuja kuweka oda. Mkwe wangu kanieleza bei."

Bosi akanigeukia. "Umemweleza bei gani?"

Nikaitaja, bosi akamwambia mzee bei halisi. Nilikosa pa kuuweka uso.

Mzee hakunigombeza. Bora angenigombeza! Aliuliza tu, "Zitashuka lini?" Bosi akasema labda miaka miwili.

Miaka miwili! Daktari kampa macho miezi minane.

Akaomba aione japo mara moja. Bosi akawasha ile moja ya maonyesho. Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha televisheni. Akasema, "Mwanangu, majani ya mti yanahesabika moja moja."

Mpaka sasa yuko pale, anahesabu majani kwa sauti.

Bosi kasema nikamwondoe, anawaziba wateja. Shoga, nitamwondoaje?