Kibao Kilichobaki Msumarini

Lizaboni, Songea. Alhamisi, Agosti 1996

Mzee Komba, msimamizi wa handaki, amenifokea leo mbele ya wanakozi wenzangu.

Kabla ya kuingia, kila mtu hutundika mlangoni kibao chenye jina lake, na akitoka hukichukua. Mimi nilitoka nikiiwaza mashine ya kuchimba handaki, inavyokata mwamba mbele huku nyuma ikipanga pete za zege ili udongo usiporomoke. Mhadhiri alikwishatueleza darasani, lakini kuiona kwa macho... Nikasahau kibao.

Wafanyakazi walipokiona kimebaki wakasimamisha mashine, wakarudi ndani na taa kunitafuta.

"Tunakuita humo ndani mpaka sauti zinakauka, kumbe bwana mkubwa unakunywa chai?"

"Shikamoo mzee. Nisamehe."

"Shikamoo haimfukui mtu kwenye kifusi."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda mlangoni nikakitoa kibao changu msumarini.

Kule Tunduru, kwenye mashimo ya vito, hapakuwa na vibao. Wachimbaji walivua mashati wakayaacha ukingoni. Shimo moja lilipoporomoka asubuhi, hakuna aliyejua kama kulikuwa na mtu ndani. Jioni kila mmoja alivaa shati lake, likabaki la kaka yangu Kasto. Mama analo mpaka leo, hataki lifuliwe.

Naogopa kuingia chini ya ardhi. Juzi nilikuwa nimeamua kuacha kozi, ila sikumwambia mtu. Lakini leo mashine kubwa vile imesimama kwa ajili ya jina langu tu.

Kesho nitaingia tena.

Kaka, ungekuwa na kibao, wangeanza kukutafuta asubuhi ileile.