Ulipokaa Kimya, Mawese Yakagoma

Kaka Nestori, uliyerudi kwenu ukaniachia mti,

Usianze kunitafutia makosa ya mwandiko. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu, na nasikia hadi leo haijapona.

Bado niko hapahapa Buzebazeba, Ujiji, kwenye mashine ileile ya kukamulia mawese. Kila mara chikichi zikitolewa motoni na mvuke ukinipiga usoni, nakuona: shati umelifunga kiunoni, kifua kimeegemea ule mti mrefu tuliousukuma watu wanne, tukizunguka pipa kama ng'ombe waliosahau njia ya zizini. Mwenye nguvu nilikuwa mimi, hilo tusibishane. Lakini mwendo ulikuwa wako. Ulikuwa unaimba ule wimbo wako wa Kirundi, sisi tunaitikia hovyohovyo, miguu inashuka pamoja, mti unakuwa mwepesi.

Halafu siku moja tajiri, mwenye mashine, akaamka na kisirani chake. Sinia la ugali na samaki wa migebuka lilipotua, tumeshanawa, akakunyooshea kidole: "Wewe mkimbizi, utakula wenzako wakimaliza. Ukiona vibaya, kambini unakujua."

Ukafuta mikono kwenye suruali. "Nta kibazo, mzee." Eti hakuna tatizo!

Ungesema nini? Neno lake moja lingekurudisha kambini mikono mitupu, na huko mama yako alikuwa anakutegemea wewe.

Mchana ule ulisukuma kama kawaida, sikusingizii. Ila hukuimba. Basi tukawa miguu minane yenye ugomvi: huyu anavuta, yule anamkanyaga mwenzake kisigino, mti unaruka unatupiga mbavu. Chikichi zikapoa ndani ya pipa, na zikipoa unazijua, hazitoi mafuta, zinatoa lawama. Yakadondoka matone kama machozi ya bibi harusi anayejilazimisha.

Tajiri akaja mbio. "Mmerogwa?"

"Shikamoo kwanza, mzee," nikamwambia. "Hatujarogwa. Umemtenga mtu mmoja kwenye sinia, tumbo limewauma wanne."

"Mtoto wa Ujiji una mdomo wewe!"

"Ninao, mzee. Na kesho mdomo huu hauli."

Kesho yake sinia likaja, hakuna aliyenawa. Ugali ukaota ngozi, migebuka wakatukodolea macho. Mimi njaa ilikuwa inaniua, nakwambia leo, lakini nikajifanya nachokonoa meno kama mtu aliyetoka kula pilau. Tajiri akazunguka, akachungulia pipa, akazunguka tena. Mwisho akanung'unika, "Nestori, njoo ule basi, mnanipotezea mafuta."

Hakuomba radhi. Ila siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitaja jina lako. Na alasiri ile uliimba mpaka madebe yakatuishia.

Kisha mkarudishwa kwenu. Ulinipungia mkono dirishani mwa basi, nami nikajifanya nabishana na muuza karanga ili usiyaone macho yangu.

Sasa nyapara ni mimi, usicheke. Vijana wangu hawanawi mpaka wa mwisho afike, na wimbo wako ndio unaotuzungusha, ingawa nusu ya maneno nimeyatia kilema. Wakiniuliza nani kautunga, nawajibu: mimi. Nimekuibia mchana kweupe, kaka. Kama inakuuma, panda basi uje unisute mbele yao. Sehemu yako kwenye mti hatujampa mtu.

Mdogo wako wa upande wa pili wa mti,
Ramadhani