Rubani Aliyekutaka, Bibi

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Najua ungekuwa hapa ungeikataa. Ungesema, "Mume gani anamwamkia mkewe shikamoo?" Lakini leo nakuandikia mbele za watu, na wengine hawakutujua. Acha wajue kwanza kwamba ulijiozesha kwangu mimi mjukuu wako kabla sijaota meno, kama wanavyotania mabibi wote, ila wewe ulizidisha. Wenzako hutania wakaacha. Wewe ulinipakulia ukoko wa wali peke yangu, na Mama akifungua mdomo unamwambia, "Huyo ni mwanao ukiwa kwako. Hapa ndiye mwenye nyumba, mpishe akae."

Ndoa yetu ilikuwa nzuri sana mpaka zilipoanza zile ndege.

Shamba lako liko juu kabisa ya Bigwa, pale mlima unapoanza kuwakataa watu wanene. Kila sherehe ya taifa ilipokaribia, ndege za kivita zilikuwa zinafanya mazoezi. Zilitokea upande wa Kingolwira, chini kweli kweli, zikakata kupitia bondeni. Watu wa mjini walizitazama kwa kuinua shingo. Sisi tulizitazama kwa kuinama. Zilipita chini yetu, Bibi! Tuliona mgongo wa ndege, tukaona kioo, na ndani ya kioo tukaona kofia ya rubani. Nikiwasimulia wateja pale kwenye kibanda changu cha kutengeneza friji, wananiambia nimevuta gesi.

Na mlio haukuja nayo. Ndege ilikuwa imeshafika mbali ndipo mlio unafuata, migomba yote inatetemeka. Siku ya kwanza mbuzi wako alikimbilia chumbani akapanda kitandani. Mjomba Saidi, kitinda mimba wako, alikuwa anaoga kwenye bafu la magunia. Akatoka na povu lake, ndoo kichwani, anapiga kelele "Vita! Vita!" na kushika njia ile ile ambayo akina mama walikuwa wanarudi sokoni. Wewe hata hukugeuka. Ulisema, "Rudi ukavae, Saidi. Adui akikuona hivyo atatuonea huruma."

Halafu ukamgeukia rubani, ambaye kwa wakati huo nadhani alikuwa ameshafika Dodoma. "Mtoto wa nani huyu? Anapita mbele ya watu wazima, shikamoo hakuna!" Uligomba mpaka magimbi yakaungua jikoni.

Sasa mimi nilidhani umemchukia. Kumbe. Kesho yake nakukuta umesimama kwenye jiwe, umejifunga kanga mpya, ile uliyokuwa unaitunza kwa ajili ya harusi za watu.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nampungia."

"Unampungia nani?"

"Yule rubani. Unadhani anashuka chini namna ile anatafuta nini, magimbi? Ananitaka."

Nilikuwa darasa la pili, Bibi. Mtoto wa darasa la pili haambiwi maneno kama hayo halafu akaachwa aende zake. Niliingia uvunguni nikawaza. Yeye ana ndege. Mimi nina kaptula, nayo imechanika nyuma. Yeye akikuchukua anakufikisha popote. Mimi hata baiskeli ya kuazima sifikishi miguu kwenye pedali. Nilijiona nimeshaachwa.

Basi nikatengeneza manati. Siku iliyofuata ulipopanda jiweni kupunga kanga yako, mimi nilijibanza nyuma ya mgomba. Ndege ikatokea, nikavuta, nikaachia. Jiwe likaenda kulia kwenye bati la Mjomba Saidi, naye akatoka tena, safari hii amevaa. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Lakini kesho yake ndege hazikuja. Wala kesho kutwa. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, mtu mzima yeyote angejua hivyo, lakini mimi nani aniambie? Nikajua nimemuua. Gari lolote lililopanda kutoka mjini nilijua ni la askari, wanakuja kunichukua. Chakula hakikupita. Na wewe, badala ya kunihurumia, unapita karibu yangu na ungo unaimba, "Bwana wangu amepotea, sijui nani kamdhuru." Wallahi ulikuwa mtu mbaya.

Nikaangua kilio. Nikakuuliza, "Akirudi utaenda naye? Mimi nitakula wapi?"

Hapo ndipo ulipoona mwenzio sitanii. Uliweka ungo chini, ukanifuta makamasi kwa upindo wa kanga. Ukasema, "Siendi na mtu, mume wangu. Siku nikiondoka nitaondoka peke yangu. Na siku hiyo wewe una kazi. Hawa wengine watalia, waache walie. Wewe uwachekeshe. Usikubali watu waseme nimezikwa kama sina wajukuu. Ukinilia kama wao, nakudai talaka."

Nikaitikia haraka haraka, ilimradi huendi. Nani ana akili ya kuuliza jambo kama hilo litakuwaje?

Limekuwa hivi.

Mwaka huu, wiki ile ya mazoezi, umeondoka. Nilipofika Bigwa nyumba ilikuwa imejaa, wanawake ndani, wanaume kwenye mikeka nje, na macho yote yakinitazama mimi. Wanamjua mume wako. Mwanaidi, mke wangu wa ndoa, ambaye mpaka mwisho ulimwita mke mdogo na kumtuma maji kwa sababu hiyo hiyo, akanisukuma mgongoni. "Nenda. Wanakungoja wewe."

Nikaingia chumbani, nikachukua kanga yako na fimbo yako, nikainama, nikatoka natembea unavyotembea, mkono mmoja kiunoni, naguna kila hatua. Nilidhani nyumba itavunjika kwa kicheko. Bibi, nilikupatia mno. Mama aliponiona akapiga ukelele akaanguka juu ya dada zake, na waliokuwa wameshanyamaza wakaanza upya. Mjomba Saidi akanivua kanga taratibu akaniambia, "Pumzika kwanza." Nimekuja kuchekesha watu, nikauzidisha msiba! Nilikaa nyuma ya jiko najiambia, ahadi moja tu aliyokuomba, umeshindwa.

Alasiri tukakubeba. Njia unaijua, mwinuko mwingine unaupanda huku unapumua kama tairi lenye pancha. Tulikuwa karibu tufike ndipo ile ndege ikatokea bondeni. Sisi wenyeji tulijua ingepita wapi. Ikapita chini yetu, kioo na kofia vikaonekana, kisha mlio ukaja. Wanaume wote wakachuchumaa. Jeneza likashushwa majanini, kwa haraka lakini kwa heshima. Shehe wetu, mgeni wa milima hii, alikuwa amelala kifudifudi kwenye migomba na kanzu yake nyeupe.

Sijui nini kilinipata. Nilipanda juu ya tuta, nikamnyooshea kidole yule rubani, nikapiga kelele kwa sauti yote niliyojaliwa.

"Wewe! Hata leo? Huna haya? Miaka yote unanizungukia mke wangu, na leo unakuja mpaka kwenye jeneza? Shikamoo hutoi, pole hutoi! Umechelewa, bwana! Nimemwoa mimi, na ninamzika mimi!"

Mjomba Saidi ndiye aliyeanza. Alishika magoti, akacheka bila sauti, halafu kwa sauti. Wakafuata wote. Wazee waliokuwa wanakufahamu walisimulia papo hapo habari ya kanga mpya na jiwe. Shehe aliinuka anajikung'uta majani, akaziba mdomo kwa mkono wa kanzu, mabega yanamcheza. Kicheko kilishuka mpaka nyumbani. Wanawake wakatuma mtu kuuliza kuna nini huko, na alipowarudishia jibu, Mama naye akacheka, mara yake ya kwanza tangu asubuhi. Tulikuzika watu wakiwa wanafuta machozi, usiulize ya nini.

Kwa hiyo talaka hupati. Kazi nimeifanya, tena vizuri, kila mtu amesema. Baada ya maziko walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. "Hongera, kijana." "Umetutoa mbali." "Bibi yako amezikwa vizuri." Mwingine alitaka nirudie yale maneno ili amrekodie mwanawe. Nikarudia. Wakacheka tena, wakateremka.

Njiani kurudi nilikuwa wa mwisho. Nikawa nasikia mbele yangu wakipeana pole, Mjomba akipewa pole; tulipofika nyumbani Mama akapewa pole, hata Mwanaidi. Mimi hongera tu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia pole, Bibi, na mimi ndiye niliyefiwa na mke.

Lala pema.

Mumeo