Balitukamata, Bakatuweka Ndani

Jumanne, 14 Novemba

Kesho tunaanza! Mkutano wa Mshikamano wa Watu wa Mipakani. Wajumbe wanazidi kuteremka kwenye mabasi, kila mmoja na mpaka wake na machungu yake. Na mimi, Nadra, mkalimani. Kiswahili kwenda Kiingereza, Kiingereza kwenda Kiswahili. Vénuste, mratibu wetu, anasema amenichagua kwa sababu Kiswahili changu iko propre, cha Kigoma, hakijachanganywa na kitu. Nilijifanya sijasikia. Lakini kichwa kilivimba mpaka nyumbani.

Shangazi Saidati hana habari na Kiswahili propre. Asubuhi nilipokuwa natoka: kamata mwavuli! Kamata chai kwanza! Hapa Gisenyi, Rwanda mpakani, hakuna kuchukua, kuna kukamata tu. Nikamwambia kwetu Kigoma anayekamata ni polisi. Alicheka, akanitupia mwavuli.

Siwezi kukaa. Nakaa, nainuka. Gauni nimelipiga pasi, nimelivua, nimelipiga tena.

Jumatano, 15 Novemba

Kibanda chetu cha ukalimani ni sanduku la mbao lenye kioo mbele, nyuma kabisa ya ukumbi wa hoteli. Joto! Mwenzangu ni Ingabire. Yeye amekulia Uganda, Kiswahili hakimwingii — anasikiliza Kiingereza changu, halafu anakipeleka kwenye Kinyarwanda. Yaani nikikosea mimi, na yeye anakosea. Tulicheka sana kwa hilo.

Siku nzima ni jela. Kila anayepanda jukwaani ana ndugu aliyefungwa, au amefungwa mwenyewe. Mama mmoja wa Sudan alisimulia habari za wanawe mpaka nikasahau kuvuta pumzi. Kila mmoja alikamatwa, akawekwa ndani, hakuulizwa kitu. Alikamatwa, akawekwa ndani. Kufika jioni mdomo unasema wenyewe, mimi nipo tu pembeni.

Jack analia waziwazi. Ni bwana mrefu wa Scotland, ndiye anayeandika tamko la mwisho. Anavua miwani, anaifuta, anaandika. Nilimpenda kwa hilo. Ila wakati wa maswali anamuuliza kila mtu kama hakuna zaidi. Zaidi ya hapo? Mama wa watu amekwisha kusema yote!

Wakati wa chai mwanamke wa Goma, ng'ambo kule Kongo, akanigongea kioo. Mama Belise — anauza vitenge, anavuka mpaka pale Grande Barrière karibu kila siku. Ushuhuda wake ni kesho. "Ni we utasema nyuma yangu, dada? Donc, sema polepole. Kuna mama moja wa Nyamyumba nilimualika, anaitwa Mukandori. Swahili hasikie. Mi nataka asikie yote."

Nikamwambia aondoe wasiwasi, Ingabire atampa Kinyarwanda safi. Nikarudi kwenye nyaya zangu. Hata sikuuliza huyo Mukandori ni nani wake.

Alhamisi, 16 Novemba

Leo nimefanya kazi!

Mama Belise alipanda na kitenge kipya, kimeanzia kichwani hadi miguuni. Alisema mwaka wa volkano walikimbia na watoto, wakavuka huku Gisenyi na nguo walizovaa tu. Halafu akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akasema — nanakili alivyosema: "Batu ya Gisenyi balitukamata. Bakatuweka ndani wiki muzima. Bila kutuuliza kitu."

Nikasema kwa Kiingereza, pole pole kama alivyotaka: watu wa Gisenyi walitutia mbaroni. Walitufungia wiki nzima. Bila hata kutuhoji. Nikasikia Ingabire pembeni yangu anavuta pumzi kabla hajaendelea. Watu wamekimbia moto wa mlima, wanatupwa jela!

Kumbe hajamaliza. Alinyoosha mkono kuelekea nyuma, machozi yanamtiririka. "Na ile mama mwenye alitukamata, iko hapa. Pale." Nikatafsiri na hilo. Vichwa vyote viligeuka. Pale nyuma mama mmoja wa makamo, kilemba cha bluu, vipokea sauti masikioni. Alivivua. Akaviweka juu ya kiti vizuri, akatoka. Uso wa upole kabisa — nikajiambia hivyo ndivyo walivyo wanaofunga wenzao.

Kisha ilikuwa kukumbatiana. Wajumbe walimzunguka Mama Belise, hakuna aliyemwacha apite. Yeye alikuwa anachungulia juu ya mabega yao, anatafuta mtu. Mwisho akaangalia saa akakimbia; mpaka unafungwa jioni, hausubiri mtu.

Jack alinifuata. Anataka kujua Kiswahili cha kudai wafungwa waachiliwe. Nikamfundisha: Waachieni! Akakariri korido nzima. Waa-chi-e-ni. Nilijisikia mtu wa maana.

Vénuste hakuwepo ukumbini, alikuwa anahangaika na basi lililoharibika. Nimemsimulia kwa ufupi tu: Mama Belise ametufanya sote tulie. Akaniinulia dole gumba.

Ijumaa, 17 Novemba

Mungu wangu. Mungu wangu.

Asubuhi nilisimamisha moto, pikipiki ya abiria, pale kona. Kijana akanipa kofia ya kuendeshea: "Kamata kasike, dada." Nikaipokea. Nikasimama nayo mikononi. Akaniuliza kama twende au vipi.

Kamata kasike. Kamata chai. Kamata mwavuli.

Walituchukua. Walitupokea! Wakatuweka ndani — ndani ya nyumba zao, tusilale nje. Bila kutuuliza kitu, si ninyi ni nani, si mtatoa nini. Na yule mama aliyetupokea yuko hapa, pale. Alikuwa anashukuru! Amekuja na kitenge kipya kushukuru mbele ya ulimwengu, na mimi nikamgeuza mtu wake kuwa askari jela. Na mtu wake, Mukandori wa Nyamyumba, kile kilemba cha bluu, akasikia. Ndiye pekee mle ndani aliyekuwa anasemeshwa, na amesikia kutoka kwangu mimi.

Nimekaa mji huu miezi, kila siku nawatania kwa neno hilohilo! Lakini nilikuwa nimeshinda nikilisema ukumbini siku nzima kwa maana ile nyingine, ya polisi. Masikio yangu yalikuwa yanangojea jela, basi yakasikia jela.

Nilimpata Vénuste jikoni anagombana na watu wa chakula. Nikamwambia. Yeye amekulia Goma — alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, moja kwa moja. "Jack alishaandika?" Ameandika. Aya nzima ni ya Mama Belise. Kesho baada ya kufunga mkutano wanatembea mpaka Grande Barrière na mabango yenye jina lake. Pale pale anapopita na vitenge vyake, wanapomjua wote!

Nikasema basi tusahihishe leo, mbele ya wote. Akanivuta kando. "Sikiliza, Nadra. Ukisimama ukasema mukalimani aliharibu moja, watauliza na zingine. Ule mama wa Sudan alilia juu ya watoto wake kweli kweli. Kesho watasema na yeye alikuwa anashukuru? Bon, laisse, acha kwanza. Après, mkutano ikiisha, tutarekebisha polepole."

Nikatoka nje. Uani vijana wa Jack walikuwa wamepiga magoti na rangi nyekundu. BELISE, BELISE, BELISE. Mmoja ananiuliza kama Waachieni ni i moja au mbili.

Mama Belise hakuja leo, simu yake haipatikani. Ingabire nilimweleza, akasema Kinyarwanda chake kilikuwa kibaya zaidi kuliko Kiingereza changu. Alikuwa ametafuta neno kali makusudi, kwa hasira.

Sikula. Niliruka swala ya Ijumaa pia — shangazi asijue. Nikapanda moto hadi Nyamyumba, nikauliza njia ya kwa Mukandori.

Mukandori alikuwa shambani anapalilia maharage. Hakusimamisha jembe. Kinyarwanda changu ni cha mtu aliyezaliwa ugenini, na leo kilikatika vipande, lakini nilisema yote, hata la kasike. Aliendelea kupalilia. Baadaye akaniambia kitanda aliwapa wao, yeye akalala kwenye mkeka. Mtoto wa Belise alipata homa, akambeba mgongoni. Hawakuwa na lugha moja, walikuwa wanaonyeshana kwa vidole na kucheka. Na jana jirani yake alifunga duka, wakaja wote wawili kwa sababu aliambiwa kutakuwa na shukrani. Sasa jirani anamuuliza kama ni kweli alikuwa na jela.

Nikamwomba msamaha. Ndipo akainuka, akajishika kiuno. Alisema mimi niliongea mbele ya watu. Hapa kuna maharage tu, na maharage hayakusikia kitu.

Akarudi kwenye mstari wake. Nilirudi kwa miguu mpaka mbali kabla sijakumbuka kwamba kuna pikipiki duniani.

Natembea chumbani. Shangazi anaugonga ukuta, niache kutembea.

Jumamosi, 18 Novemba

Naandikia ndani ya kibanda, kwenye goti. Naweza. Jack anasoma tamko, na Vénuste anasoma Kiswahili chake hapo hapo jukwaani. Amejipa kazi hiyo mwenyewe. Mjanja! Nilisikia aya ilipofika. Jack: Belise, aliyefungwa Gisenyi bila hatia. Vénuste: Mama Belise, mwenye alipata taabu mingi. Wanawake wa Goma wakaitika kwa vichwa. Taabu, kweli, nani hajapata.

Lakini Mama Belise mwenyewe tayari anajua. Nilimngoja mlangoni asubuhi. Alikuwa na furaha, aliniuliza kama mama wa Nyamyumba alipenda maneno yake, mbona alitoka bila kuaga. Nikamwambia. Alicheka kwanza, kama Vénuste. Kisha akakaa kwenye ngazi na kitenge chake kizuri, kwenye maji ya mvua. "Anafikiri mi nilimuita ili nimutukane?"

Nilisema nitafanya chochote. Nitamwandikia maneno mapya yasiyo na utata. Walitupokea. Walitukaribisha. Aseme hivyo, hakuna atakayekosea tena.

Akanitazama kama ninamuuzia kitenge cha bandia. "Maneno yangu iko na shida gani? Mama yangu alinikamata, bibi yangu alinikamata, ni hivyo tunasemaka. Watanipa mikro leo tena. Nitasema vilevile. Ni we utabadilisha yako."

Akainuka, akajikung'uta, akaingia.

Nilimpitia Vénuste, nikamwambia waziwazi: akisema, nitatafsiri alichosema. Nitasema na kosa ni langu. Akanishika bega, si kwa ubaya. Mwaka mzima amekuwa akiutafutia mkutano huu ukumbi, viza, godoro. Akasema nitafute namna ya kupita katikati. Kati ya nini na nini? Mtu alifungwa au alifunguliwa mlango, hakuna katikati! Na mama wa Sudan amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Nikisema, je, naye watamtazama vingine? Sijui. Sijui.

Mabango yameegemezwa ukutani, rangi imekauka.

Makofi. Jack amemaliza. Anamwita Mama Belise. Ukumbi mzima umesimama, wengine wanapaza: Waa-chi-e-ni! Yeye anapita katikati yao, haangalii pembeni.

Mlango wa nyuma. Kilemba cha bluu. Amekuja! Buti zake zina udongo, jirani yuko nyuma yake. Amekaa kiti cha mwisho. Vipokea sauti amevichukua, ameviweka mapajani. Havivai. Anavigeuzageuza tu.

Jack amempa Mama Belise kipaza sauti kwa mikono miwili. Vénuste ananitazama kutoka jukwaani. Ingabire ameshaweka kidole kwenye kitufe, ananisubiri mimi, neno langu ndilo lake.

"Batu ya Gisenyi," Mama Belise anasema, "balitukamata."

Lilelile.

"Bakatuweka ndani."

Haangalii ukumbi, anaangalia kioo chetu. Anangoja.

Kule nyuma Mukandori ameinua vipokea sauti. Amevaa.

Walitupokea. Naweka kalamu.